Trei ya Tatu ya Shimo Namba 31

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, mshale mwekundu ulikuwa unaelekea kushoto.

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Namba wiki iliyopita, msomaji: amepiga magoti kwenye sakafu ya ghala la sampuli, kipande cha mwamba mkononi. Kipande chenyewe ni cha mviringo, urefu wa kiganja, kimepasuliwa katikati kwa msumeno. Alikuwa amekigeuza, na kwenye mgongo wake, mahali ambapo maji ya msumeno hayakufika, akaona mshale wa penseli nyekundu.

Mchorongaji, yule anayetoboa mwamba kwa mashine na kuvuta vipande vyake, huchora mshale huo kwa sababu moja tu, kuonyesha upande wa kwenda ndani ya shimo. Kwenye trei, ndani ni kulia. Vipande hupangwa kama maandishi ya kitabu, kuanzia juu kushoto, mstari baada ya mstari. Trei moja ina mistari mitano, na kila mstari ni mita moja.

Huu ulielekea kushoto. Na mkono uliouchora, mzito, wenye kichwa cha mshale kama unyayo wa kuku, Bi Namba aliujua tangu utotoni. Ni mkono wa kaka yake.

Saa kumi kamili alasiri ya siku hiyohiyo, pampu zinazotoa maji kwenye Ngazi ya Tisa ya mgodi, chini ardhini, zingezimwa na nyaya zake kukatwa. Maji yangeijaza ngazi ile na hakuna ambaye angeichoronga tena. Watu mia nne na sita wangerudi nyumbani. Na karatasi iliyosababisha yote hayo ilikuwa na saini moja ya kitaalamu, ya Bi Namba mwenyewe.

"Bi Trei," aliita bila kunyanyua kichwa. "Njoo uone."

Bi Trei ndiye mtunza ghala, mwanamke wa makamo mwenye shada la funguo kiunoni na ulimi usio na breki. Alikuja akiburuta kandambili.

"Umefufua nini tena?"

"Mshale huu unaelekea wapi?"

"Kushoto. Macho yangu bado yako kazini, mwanangu. Ni magoti tu yaliyostaafu."

"Kuna mtu aliyekigeuza hiki kipande?"

"Nani akigeuze? Mawe haya nimekaa nayo karibu kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akigeukageuka."

Bi Namba hakucheka. Kipande kimoja hakithibitishi kitu. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa. Akavuta trei ya tatu na ya nne za shimo namba 31, akaziweka sambamba. Mwamba ukivunjwa hupasuka ovyo, na pande mbili za mpasuko lazima zikubaliane. Alichukua kipande cha mwisho cha trei ya tatu, akakijaribu kwenye kipande cha kwanza cha trei ya nne.

Havikukubaliana hata kidogo.

Kisha akafanya kinyume. Alichukua kipande cha juu kushoto cha trei ya tatu, akakipeleka chini kulia ya trei ya nne.

Vikaingiana. Unywele usingepita.

"Trei zimepinduka," alisema. "Mwanzo uko mwisho, mwisho uko mwanzo."

"Haiwezekani. Tazama vibao." Bi Trei alionyesha vibao vidogo vya mbao vilivyoandikwa kina cha shimo, ambavyo mchorongaji huviweka katikati ya vipande kila anapovuta bomba. "Kumi na mbili hii hapa, kumi na tano ile pale. Trei ingepinduka, na vibao vingepinduka."

"Nani alivipanga?"

Bi Trei alivitazama vibao. Kisha akakaa juu ya kreti tupu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya saa za kazi.

"Mimi," alisema. "Maji ya msumeno yanavivimbisha. Huwa navitoa, navianika juani, navirudisha. Kila kimoja mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, Bi Trei?"

"Mahali panapostahili. Kumi na mbili hutangulia kumi na tano. Au siku hizi mmebadilisha hesabu?"

Kumbe vibao vilifuata hesabu ya Bi Trei, si mwamba.

Kabla hatujatoka ghalani, msomaji, elewa kazi ya Bi Namba, maana roho ya mgodi iko humo. Kazi yake ni kukadiria kile ambacho hakuna aliyekiona. Fikiria sufuria kubwa la mchuzi. Unaonja kijiko kimoja, unajua chumvi ya sufuria zima, mradi limekorogwa vizuri. Kama halikukorogwa, kijiko kimoja kitakudanganya, na swali linakuwa jingine: ninapoonja hapa, naruhusiwa kuamini ladha hii hadi umbali gani?

Mashimo ya kuchoronga ndiyo vijiko. Upande wa magharibi wa Ngazi ya Tisa, hesabu zilimjibu kwamba sampuli mbili hufanana hadi zikiachana mita kumi na nane. Upande wa mashariki zilimjibu mita tatu na nusu. Maana yake mashariki dhahabu ipo, lakini imetawanyika kama makombo. Huwezi kuifuata. Ukiitoa, unatoa na mawe matupu mengi kuliko yenye kitu.

Ndiyo sababu taarifa yake ilikuwa na namba mbili. Mwamba wenye dhahabu uliopo: tani laki nne na nusu. Unaoweza kutolewa na kazi ikalipa: tani laki moja na elfu themanini. Wakurugenzi walitaka laki tatu. Walisoma namba ya pili, wakafunga jalada.

Sasa ilionekana kwamba makombo hayakuwa ya mwamba. Yalikuwa ya trei.

*

Saa nne kasoro dakika kumi alimkuta kaka yake kwenye foleni ya dirisha la vifaa, amekumbatia kofia ngumu na taa yake tayari kuvirudisha. Wenzake humwita Fundi, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemwita jina lingine.

"Kaka, kule chini, chumba cha kuchoronga cha mashariki, ulikuwa unakaa upande gani wa trei?"

"Leo ndiyo siku ya kuniuliza hilo?"

"Leo ndiyo siku yenyewe."

Fundi alimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama mashine iliyoanza kutoa mlio mpya. "Upande upo mmoja tu. Huku bomba la maji, huku ukuta. Mtu anapiga magoti kati ya ukuta na trei, basi."

"Na kibati cha namba kilichogongwa kwenye trei?"

"Kinatazama mashine. Trei ina mkono mmoja wa kubebea, na mkono lazima ukae njiani, la sivyo hutaitoa mle ndani mpaka uvunje ukuta."

"Kwa hiyo kwako kibati kilikuwa kichwa chini."

"Mimi sisomi kibati, dada. Nasoma mwamba. Naanza kushoto kwangu, naenda kulia kwangu, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza."

Bi Namba alimwacha asikie mwenyewe alichosema.

Foleni ilisogea hatua moja. Fundi hakusogea.

"Kushoto kwangu," alirudia taratibu. Kisha: "Mashimo mangapi?"

"Yote ya chumba kile. Kumi na matatu kati ya arobaini na moja."

"Watasema mimi ndiye niliyeufunga mgodi."

"Saini ni yangu."

"Saini yako ilikaa juu ya trei zangu." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Ukiliandika hili, kibali changu cha kazi kimekwenda na maji. Hakuna mgodi mwingine utakaonishika."

"Nisipoliandika, mgodi huu umekwenda na maji. Kwa maana yenyewe."

Karani wa dirishani aligonga kaunta kwa kalamu. "Kaka mkubwa, unarudisha au unaposa?"

Fundi aliitazama kofia. Akaivaa.

"Andika," alimwambia mdogo wake.

*

Kugeuza trei kwenye kompyuta hakuhitaji nguvu. Katika mashimo kumi na matatu, kila mita tano, ya kwanza inakuwa ya mwisho. Bi Namba aliandika amri, akaikagua mara mbili, akabonyeza.

Saa sita na dakika arobaini mchoro ulitokea. Mstari wa mashariki, uliokuwa ukifa kwenye mita tatu na nusu, sasa ulipanda polepole na kutulia kwenye mita kumi na saba. Magharibi ni kumi na nane. Ulikuwa mkanda mmoja wa mwamba, tangu mwanzo.

Akatazama namba mbili. Uliopo: tani laki nne na nusu, bila mabadiliko. Dhahabu haikuongezeka hata punje. Sampuli ni zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Lakini dhahabu iliyoshikana unaweza kuifuata, ukaacha mawe matupu palepale yalipo. Unaoweza kutolewa: tani laki tatu na elfu ishirini na sita.

Alikaa sekunde chache mikono mapajani. Kisha akarudia hesabu yote tangu mwanzo, kwa sababu ilikuwa namba aliyoitaka, na namba unayoitaka ndiyo ya kushuku kwanza.

Ikatoka ileile.

Saa sita na dakika hamsini na nne king'ora cha chakula kililia, dakika sita kabla ya saa saba, kama kila siku. King'ora hupigwa na mtunza pampu, kwenye chumba chake juu ya ardhi, kwa kufuata saa yake ya ukutani, nayo hutangulia. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kulalamika. Meneja hajui, yeye hula ofisini, kwa saa yake ya mkononi.

Bi Namba alikunja karatasi, akavuka uwanja mbio.

*

Meneja wa mgodi, nyuma ya mgongo wake, huitwa Kamili. Kila kitu kwake ni saa fulani kamili, tani fulani kamili. Alisoma karatasi hadi mwisho bila kubadilika uso, kisha akaiweka mezani, akainyoosha kwa viganja.

"Mwezi jana laki moja na themanini. Leo, siku ya kuzima pampu, laki tatu na ishirini na sita. Mawe yamezaa?"

"Mawe ni yaleyale. Trei zilisomwa kichwa chini."

"Zilizopangwa na nani?"

Hakukwepa. "Na kaka yangu."

"Na leo asubuhi, nani amekuwa peke yake na trei hizo tangu saa tatu?"

"Mimi. Na Bi Trei."

"Ambaye anakiri alichezea vibao." Meneja alijiegemeza nyuma. "Bi Namba, mimi nakuheshimu. Lakini jiweke kwenye kiti hiki. Dada anakuja, siku ya mwisho, saa ya mwisho, na makosa ya kaka, na namba inayookoa kazi ya kaka. Wakurugenzi watacheka mpaka watoke machozi."

"Vipande vinaingiana. Twende ukaone."

"Nimeona vipande vingi vikiingiana. Dhahabu sijaiona ikiingiana."

Meneja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Bi Namba. Kama angekuwa yeye kwenye kile kiti, angesema hayohayo.

"Basi tuchoronge," alisema. "Shimo pacha, mita moja kando ya namba 31, mita kumi na tano tu. Kielelezo cha zamani, ule mchoro wa mwezi jana, kinasema mkanda wa dhahabu uko kati ya mita kumi na nusu na kumi na mbili. Kipya kinasema kumi na tatu hadi kumi na nne na nusu. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Naandika sasa hivi, unasaini, unatia mfukoni mwako."

Meneja aliitazama saa ya mkononi.

"Nani atachoronga?"

"Fundi. Mwingine ameshaondoka na basi la asubuhi."

"Kaka tena."

"Aendeshe mashine tu. Vipande upokee wewe, kwa mikono yako, upange wewe. Mimi nitasimama mbali, mikono nyuma."

Meneja aliisoma karatasi tena. Zamani, kabla ya meza na kiti cha kuzunguka, alikuwa mtu wa miamba.

"Sawa. Lakini agizo halibadiliki." Akanyanyua simu. "Mtunza pampu? Meneja hapa. Saa kumi kamili unazima, na fundi umeme anakata nyaya hapohapo. Leo watu watakupigia simu wakikulilia. Usimsikilize mtu. Hata mimi nikipiga, usipokee. Umenielewa?"

Alikata simu.

"Nimejifunga mwenyewe," alisema, kama mtu aliyeridhika na kazi yake. "Ili nisishawishike. Nikiona mkanda wako, nitampigia mwenyekiti wa wakurugenzi, naye atatoa agizo jipya kabla ya saa kumi. Nisipouona, hakuna mtu atakayesema nilisitasita."

*

Saa nane na dakika tano mashine iliunguruma kwenye chumba cha mashariki.

Chumba ni chembamba. Ukutani maji yanatiririka, yanaingia mferejini, na mfereji unakwenda kwenye shimo la pampu. Sauti ya pampu husikika mle saa zote, chini ya sauti nyingine zote, kiasi kwamba watu wa Ngazi ya Tisa hawaisikii tena. Simu nyekundu iko ukutani karibu na lango la chumba.

Fundi alishika usukani wa mashine. Bi Namba alisimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma. Meneja alivua koti, akakunja mikono ya shati, akajibana kati ya ukuta na trei, akapiga magoti.

Hakuna aliyemwelekeza akae upande ule. Upande mwingine haukuwepo.

Bomba la kwanza lilitoka saa nane na dakika ishirini na tatu. Fundi aliligonga kwa nyundo ya mpira, vipande vikateleza nje, na Meneja akavipokea kimoja kimoja. Alianza kushoto kwake, akaenda kulia kwake. Mstari ukajaa, akaanza mwingine. Baada ya mita tatu akaandika kibao kwa mwandiko nadhifu, akakichomeka.

Fundi alimtupia dada yake jicho. Bi Namba alitikisa kichwa kidogo: kimya.

Bomba la pili. La tatu. Trei ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa. Bomba la nne lilitoka saa tisa na dakika sita, mita kumi na mbili. Meneja alifuta jasho, akachungulia vipande kwa taa ya kofia.

"Mweusi," alisema. "Mweusi mtupu, na mkanda ni mweupe. Kumi na nusu hadi kumi na mbili hakuna kitu. Kielelezo cha zamani kimekufa." Akanyanyua macho. "Lakini hilo halimaanishi kipya kinaishi."

"Sijasema kinaishi," alisema Bi Namba. "Meneja, soma kibati cha trei."

"Nisome nini?"

"Kibati. Kina namba ya shimo na mshale wa mwanzo."

Meneja aliinama. Akapinda shingo kulia, akaipinda kushoto. Kibati kilikuwa kichwa chini. Mshale wa kiwandani, uliogongwa kwenye bati kuonyesha mahali pa kuanzia, ulielekeza kwenye kona iliyo mbali naye kuliko zote.

Alitazama trei mbili alizozipanga kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akatazama ya tatu, iliyojaa mistari miwili. Zote zilianzia kona isiyo ya mwanzo.

Akajiegemeza ukutani.

"Ulikuwa unajua kwamba nitafanya hivi," alisema.

"Nilikuwa nakisia. Ningekuambia, ingekuwa si ushahidi."

Fundi alikohoa. "Bosi, usijali. Wewe umefanya kwa siku moja. Mimi nimefanya kwa mashimo kumi na matatu."

Meneja hakucheka, lakini kitu fulani mdomoni mwake kililegea. "Teremsha bomba la mwisho."

Hapo ndipo mashine ilipogoma. Fundi alivuta mkono, ikazunguka nusu, ikalia kwa uchungu, ikasimama. Mabomba yalikuwa yamebanwa ndani ya shimo.

Saa tisa na dakika kumi na tano.

"Mwamba umebana," alisema Fundi. "Nikilazimisha nitakata kichwa cha bomba, tutakuwa hatuna bomba wala shimo."

"Usilazimishe," alisema Bi Namba, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa yake.

Fundi alirudisha nyuma nusu mkono. Akasukuma. Akarudisha. Akaongeza maji. Aliisemesha mashine chini kwa chini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asiyetaka kusimama akamuliwe. Dakika kumi na tatu zilipita. Meneja alibaki magotini, kibao tupu mkononi, na Bi Namba alihesabu alama za chaki alizochora kaka yake kwenye bomba: kumi na mbili na robo. Kumi na mbili na robo. Kumi na mbili na robo.

Saa tisa na dakika ishirini na nane mabomba yaliachia.

Kumi na mbili na nusu. Maji yaliyorudi yalikuwa meusi. Kumi na mbili na robo tatu. Meusi.

Kumi na tatu. Maji yakabadilika. Yalitoka ya kijivu, kisha yakawa meupe kama maziwa, na yakaendelea kuwa meupe alama moja baada ya nyingine hadi kumi na nne na nusu. Hapo yakarudi meusi, ghafla, kama pazia lililoshushwa.

Saa tisa na dakika arobaini na tatu Fundi alivuta bomba, akaligonga. Vipande vyeupe vikatelezea mikononi mwa Meneja. Alichukua kimoja, akakilamba, kama watu wa miamba wanavyofanya ili rangi itokee, akakisogeza kwenye taa.

"Ipo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Punje ya manjano. Naiona kwa macho."

"Punje moja si makadirio," alisema Bi Namba. "Mahali ndipo ushahidi. Toa karatasi yako."

Meneja aliichomoa mfukoni, ikiwa imelowa jasho. Kumi na tatu hadi kumi na nne na nusu. Saini yake chini.

Aliinuka kwa shida, akajichomoa nyuma ya trei, akaenda kwenye simu nyekundu. Mwenyekiti alipokea mara moja. Meneja alizungumza kwa sentensi fupi: trei, mashimo kumi na matatu, laki tatu na ishirini na sita, nimechoronga na kupanga mwenyewe. Akanyamaza, akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja.

"Amekubali. Ametupa miezi mitatu zaidi. Anataka pampu zisizimwe." Alitazama saa ya mkononi. "Saa tisa na dakika hamsini. Tuna dakika kumi kamili."

Bi Namba alikuwa ameshaanza kusogea.

"Tuna nne," alisema.

"Saa yangu inasema kumi."

"Saa ya chumba cha pampu inatangulia dakika sita. Piga simu, Meneja. Piga sasa."

Meneja alipiga. Ililia mara nane. Alikata, akapiga tena. Ililia. Midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti, na Bi Namba aliweza kusoma maneno, kwa sababu alikuwapo yaliposemwa: hata mimi nikipiga, usipokee.

"Lifti," alisema Fundi, akakimbia.

Lifti ilikuwa juu. Fundi alibonyeza kengele ya kuiita. Huchukua dakika tatu kushuka.

Simu ililia kwa mara ya kumi na nne masikioni mwa Meneja.

Saa tisa na dakika hamsini na nne, sauti ya pampu ilikatika. Watu watatu wa Ngazi ya Tisa waliisikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa haikuwepo tena.

Sekunde arobaini baadaye taa za ukutani zilizimika, na simu nyekundu ikawa kimya mkononi mwa Meneja. Kengele ya lifti ilikatika katikati ya mlio, na lifti ikakwama njiani.

Saa tisa na dakika hamsini na saba, kwa mwanga wa taa ya kofia, Bi Namba aliona maji yakivuka ukingo wa mfereji na kugusa kibati cha trei ya tatu.